Leseni ya Kaunti Haionyeshi Kampuni ni ya Nani

Mfanyabiashara akishalipia leseni ya kaunti na kuibandika ukutani, mara nyingi huona kazi imekwisha. Leseni hiyo ni ruhusa ya kuendesha biashara mahali palipotajwa kwa muda uliotajwa, basi. Haithibitishi mwenye kampuni ni nani, wala si ushuru wa mapato. Kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba, ushuru wa mapato na VAT hutozwa na serikali ya kitaifa pekee, nayo hukusanya kupitia KRA.

Suala la umiliki ndilo huvunja undugu. Chukulia ndugu wawili wanaofungua duka la vifaa vya ujenzi. Mkubwa anatoa pesa nyingi. Mdogo, ambaye ana nafasi, anaingia eCitizen na kusajili kampuni kwa jina lake peke yake, jambo ambalo Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu. Miaka inapita kwa amani. Siku benki inapotaka hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenyehisa, jina la mkubwa halimo. Pesa alizotoa zinaweza kuchukuliwa kuwa mkopo au zawadi, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wake. Mdogo akifariki, hisa zote zinaingia katika mirathi yake, na mkubwa anabaki kubishana na mjane na watoto.

Kwa hiyo anayetoa mtaji ahakikishe hisa zake zimeandikwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kupewa cheo cha mkurugenzi hakutoshi. Mkurugenzi huendesha kampuni, mwenyehisa ndiye huimiliki. Na kutumia jina la binamu kujificha si salama tena: tangu 2020, kampuni hutakiwa kumtaja kwa Msajili kila mtu anayenufaika na umiliki, akiwemo mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura. Mabadiliko huwasilishwa ndani ya siku 14.

Upande wa ushuru, kampuni ni mtu wa pekee mwenye PIN yake. Faida yake hutozwa asilimia 30, na ritani huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Unaofungwa Desemba, mwisho ni Juni 30. Mauzo ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, kampuni hujisajili kwa ushuru huo pia.

Pesa za kwenye droo ni za kampuni, hata kama mwenyewe ni mmoja. Akijilipa mshahara, PAYE hukatwa na kulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akigawa faida, mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 kwenye gawio. Kuchota karo ya watoto bila kuandika popote huleta maswali magumu wakati wa ukaguzi.

Wanaoumia zaidi ni waliosajili kampuni kuwania zabuni moja, wakaikosa, wakaisahau. Kampuni isiyofanya kazi bado huwasilisha ritani ya sufuri. Ikichelewa, faini ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa, kwa kila ritani. Miaka mitatu ya usahaulifu ni shilingi 60,000 bila hata mteja mmoja. Isitoshe, ritani ya KRA si ile taarifa ya kila mwaka inayopelekwa kwa Msajili wa Kampuni. Ni kazi mbili, na kutimiza moja hakufuti nyingine.

Asiyehitaji kampuni tena humwomba Msajili aifute, na pia huiarifu KRA. Kuwasilisha ritani kwenye iTax hakulipiwi, na katika vituo vya Huduma Centre kuna maafisa wa KRA wanaosaidia.