Kucheza kwa Burudani, Kulipia Ushindi

Walaji wengi hucheza michezo ya video kwa ajili ya kupumzika baada ya kazi, au kutaniana na ndugu sebuleni. Hata hivyo, michezo mingi ya sasa, hasa ile inayotolewa bure kwenye simu, humwingizia mtengenezaji fedha pale mchezaji anaposhindwa kuvumilia kufungwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, tunamshauri mlaji ajiulize anacheza kwa ajili ya nini.

Tuchukue mfano wa mpira wa miguu. Katika mfululizo wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 huuzwa kwa jina la EA Sports FC, imo sehemu iitwayo Ultimate Team. Humo mchezaji huunda kikosi kwa kadi za wanasoka na kupambana na watu wengine kwa njia ya intaneti. Kadi hizo hupatikana kwa kucheza, lakini pia huuzwa katika pakiti, na mnunuzi hajui amempata nani mpaka aifungue. Aliyemtamani mshambuliaji mashuhuri aweza kuambulia wachezaji wa akiba. Isitoshe, toleo jipya hutoka kila mwaka, na kikosi alichokigharamia hakihamii huko, huanza upya. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliona kwamba mauzo ya namna hiyo ni kamari kisheria, na mwanzoni mwa 2019 kampuni iliacha kuuza nchini humo sarafu za kununulia pakiti.

Lakini mchezo huohuo una sehemu zisizohitaji pakiti hata moja. Watu wawili wenye pedi mbili huchagua klabu wazipendazo na kuanza. Mtu aliye peke yake aweza kuongoza klabu msimu baada ya msimu dhidi ya kompyuta, na kupunguza ugumu akipenda. (Kupunguza ugumu si aibu, hata kama vijana wa kibandani watacheka.) Anayecheza hivi amekwisha kulipia kila anachohitaji siku aliponunua mchezo. Hata toleo la miaka miwili iliyopita, ambalo aghalabu huuzwa kwa bei ya chini, litamtosha, ila vikosi vitakuwa vya zamani.

Zipo pia gharama zinazomfika mlaji bila kukusudia. Mwezi Desemba 2022, Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kudai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya wachezaji wanunue kwa kubonyeza mara moja tu, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Tume hiyo ilidai pia kuwa wateja waliopinga makato kwenye benki zao walifungiwa akaunti.

Mzazi anayempa mtoto simu aweke kwanza sharti la nywila kwa kila ununuzi katika duka la programu, na asiache kadi ya benki au akaunti ya pesa ya simu ikiwa imeunganishwa bila sababu. Atunze ujumbe wa kila malipo. Makato yakitokea, malalamiko yapelekwe mapema kwenye duka lililopokea fedha. Kwa Google Play, ni vyema ombi liwasilishwe ndani ya saa 48.