Majilio: Tumngojee Mtoto kwa Kuwatunza Wajawazito



Dominika nne kabla ya Noeli padre huvaa zambarau, nasi twaanza Majilio. Hapa Kitomanga na vijiji jirani, huo ndio wakati wa fedha za korosho, wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua, wa mazoezi ya kwaya na nguo mpya za watoto. Shughuli hizo ni njema. Lakini tukumbuke kwamba tunangojea mtoto azaliwe. Tutasemaje tumejiandaa kumpokea, ikiwa mama mjamzito wa nyumba ya pili hana wa kumchotea maji?

Kwa hiyo tunazishauri familia na jumuiya ndogondogo zichukue kazi moja kila juma, pamoja na sala na kitubio.

Juma la kwanza: kukesha. Injili yatuambia tuwe macho. Mama aanze kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu kupita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8. Mvua huleta mbu, na malaria humpunguzia mama damu na kumdhoofisha mtoto tumboni. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, ameze vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria kama mhudumu anavyoelekeza.

Juma la pili: kutengeneza njia. Yohane Mbatizaji atuhimiza tuinyoshe njia ya Bwana. Njia ya mama ni ya kwenda kujifungua. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini huko Somanga; njia zetu za udongo hukatika kwa mvua ndogo zaidi. Baba aweke akiba ya nauli kutoka fedha za korosho, apatane mapema na mwenye chombo cha usafiri, atafute na ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Wajue pia watapelekwa wapi: kituo cha afya, Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Nyangao.

Juma la tatu: furaha. Mama afurahi kwa kushiba na kupumzika. Kisamvu, mchicha, kunde, mbaazi na dagaa vipo kwetu, na maembe ya msimu huu husaidia mwili kupokea madini ya kuongeza damu. Baba na watoto wakubwa wabebe maji na kuni. Fedha ya pombe inunue samaki.

Juma la nne: kutembelea. Maria alipojua kwamba Elizabeti ana mimba ya miezi sita, alikwenda kwake kwa haraka akakaa naye kama miezi mitatu. Nasi tuwatembelee wajawazito wote, Wakristo na Waislamu, maana uchungu hauulizi dini. Twende na mikono ya kufanya kazi.

Katika kutembelea, tuzijue dalili za hatari: kutokwa damu, kuumwa sana kichwa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza. Ukiona hata moja, mpeleke mama hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke, wala usingoje kikao cha ukoo. Mawaidha marefu tuyaache; mgonjwa kwanza.

Yosefu na Maria walikosa nafasi kule Betlehemu. Wazee wetu husema kinga ni bora kuliko tiba: tukiweka nafasi mapema, hakuna mama wa parokia yetu atakayehangaika usiku akitafuta pa kujifungulia. Hapo tutapiga magoti mbele ya pango la Noeli kwa dhamiri safi.

Tunawatakieni Majilio mema na afya njema.