Nyanya juu ya dari: Usimuue yule nyuki mweusi

Nyanya nyingi za Marikiti hutoka bara, na bei ikipanda mfuko unalia. Ndiyo maana vijana wa Mji wa Kale wanapanda zao kwenye ndoo juu ya dari. Lakini ikifika Februari, mche una afya, maua ya manjano tele, kisha yanapukutika yote. Wengi hudhani ni wadudu, wakakimbilia dawa. Hapo ndipo wanapoharibu.

Mkosaji ni joto. Wakati wa kaskazi mchana hufika nyuzi 32, usiku hukaa karibu 24. Nyanya hutaka usiku wenye ubaridi. Ikiukosa, chavua hudhoofika na ua huanguka.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, ila chavua imefungiwa ndani na lazima itikiswe. Fundi wa kazi hiyo ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao. Hulikumbatia ua, akavuma mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawezi. Ukipuliza dawa asubuhi, umemuua kibarua wako wa bure.

Sasa ufanyeje? Tega kivuli cha makuti saa sita hadi saa tisa. Mwagilia alfajiri. Asubuhi gonga kikonyo cha ua kwa kidole. Ikibidi kupuliza dawa, ngoja magharibi. Panda mrihani kando: majani ya mama, maua ya nyuki. Na msimu ujao, pangilia maua yatoke Julai, kusi likivuma na usiku umepoa.