Fahamu: RNA ndogo na uzee wa mnyoo

RNA ndogo ni molekuli fupi zinazozuia jeni kutengeneza protini. Ya kwanza kugunduliwa, lin-4, ina nyukliotidi 22 tu. Ilipatikana kwa C. elegans, mnyoo wa milimita moja anayekula bakteria kwenye matunda na majani yanayooza. Minyoo hao wamekusanywa hata Limuru na Nairobi, nchini Kenya.

Kwa utafiti wa uzee mnyoo huyu anafaa mno: mwili wake unapitisha mwanga, na maisha yake ni wiki mbili hadi tatu. Chini ya hadubini misuli huonekana ikilegea siku hadi siku, mpaka mnyoo aliyekuwa akijipindapinda kwa nguvu anabaki kutikisa kichwa tu.

Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walionyesha kwamba lin-4 hujishikiza kwenye RNA ya jeni lin-14, na protini ya jeni hiyo ikapungua. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel ya 2024. Awali lin-4 ilihusishwa na ukuaji wa mnyoo mchanga peke yake. Mwaka 2005 Michelle Boehm na Frank Slack wakabaini kuwa inagusa uzee pia: minyoo wasio nayo hufa mapema, walioongezewa huishi zaidi. Athari hiyo hupitia mfumo wa insulini, ambao binadamu naye anao.

Hata hivyo, hakuna dawa ya kuzuia uzee wa binadamu iliyothibitishwa kutokana na kazi hii, na anayeiuza leo asiaminiwe.