Vibarua wapo kijijini kwako, ila hujawahi kuwaita

Leo viuatilifu tuviweke pembeni kidogo, tuongelee watu wa kazi. Viazi vikiiva kila mkulima analia hana vibarua wa kuchambua na kufungasha. Na kijiji hichohicho kina kijana anayeshinda nyumbani mwaka mzima kwa sababu mguu mmoja haufanyi kazi, au hasikii.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifundisha kikundi kubebesha miche ya parachichi. Nyuma kabisa alikaa kijana kiziwi. Nikaongea saa nzima, muda mwingi nimewapa mgongo nachora ubaoni, halafu kwenye ripoti nikaandika kwamba washiriki wote wamefundishwa. Wote! Tulipofika kwenye vitendo yule kijana akaja mbele, akasimama karibu na mikono yangu, akaangalia miche mitatu. Wa nne akaufanya yeye. Kikonyo kilikaa vizuri, ganda limegusana na ganda, nailoni imebana. Wale walionisikia saa nzima, wengi wao walikuwa bado wanaacha mwanya. Kubebesha ni kazi ya macho, vidole na kisu kikali. Masikio hayana kazi pale.

Mwenye kitalu mmoja akamchukua. Safi. Ila mwisho wa mwezi akamlipa nusu ya wenzake, anasema, "Bwana shamba, mimi si namsaidia tu huyu." Nikamwomba tuhesabu miche. Tukahesabu, kijana alikuwa sawa na wenzake. Mzee alikasirika, simu zangu hakupokea wiki mbili, na kijana akarudi kukaa kwao. Miche ilipoanza kumzidi ndipo akamtuma mtu kumwita, safari hii kwa malipo ya kila mche kama wengine. Nasema hivi kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunatoa kazi kama sadaka, halafu tunakata mshahara. Lipa kwa mche, kwa gunia, kwa lita. Hesabu haijui nani ana gongo.

Anayedhani haya hayawezekani, siku akiwa Iringa mjini apite Neema Crafts. Mradi huu uko chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ulianza mwaka 2003 na vijana 3 viziwi waliokuwa wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo. Kimejaa nyuzi za majani. Leo kuna ufumaji, ushonaji, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi na chakula kinakuja. Hawakusubiri mfanyakazi aanze kusikia, walibadilisha namna ya kuagiza.

Shambani ni hivyohivyo. Usianze na ulemavu, anza na kazi: inataka macho, miguu, nguvu ya mgongo, au uvumilivu wa kukaa? Kuchambua viazi vya mbegu kunataka macho na mikono. Tenga vya saizi ya yai la kuku, toa vilivyokatwa na vyenye dalili za kuoza. Sasa kwa nini tunamwaga viazi chini halafu tunachuchumaa? Mtengenezee meza ya mbao. Mwenye kiti mwendo anahitaji nafasi ya magoti, kama sentimita 70 toka chini, na mlango wa stoo usiopungua sentimita 90. Meza isizidi sentimita 60 upana kama anafanyia kazi upande mmoja, la sivyo mkono haufiki. Na nakuhakikishia, hao wazima nao wataikimbilia hiyo meza, migongo inawauma.

Asiyeona anakamua ng'ombe vizuri, anapukuchua mahindi, anajaza udongo kwenye viriba. Mfungie kamba toka bandani hadi stoo, na ndoo ziwe sehemu ileile kila siku. Mwenye ualbino mpe kazi za kivulini, au aingie shambani alfajiri na atoke jua halijawa kali, akiwa na kofia pana na mikono mirefu. Huku kwetu baridi inatudanganya, lakini jua la milimani linachoma hata ukiwa umevaa koti. Kiziwi akipulizia dawa, mkubaliane ishara ya mkono ya "simama, upepo umegeuka". Kumpigia kelele hakutamsaidia.

Wenye mashamba makubwa, nyie wa chai na parachichi, hili kwenu ni sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kwenye watu 100 hao ni 3 tu.

Kwa anayetaka kujiajiri, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, akueleze masharti ya sasa. Ila angalieni: nimeshakuta kikundi kimeandika jina la mlemavu ili fedha zitoke, kuku wakanunuliwa, yeye hata banda hajawahi kuliona. Hakikisha jina lako linaendana na sahihi yako benki, na daftari la kikundi unalisoma au unasomewa na mtu unayemwamini.

Wa Mufindi na Kilolo walioniomba vipimo vya meza ya kuchambulia, njooni na mbao, misumari na msumeno siku ya darasa. Tutaitengeneza palepale, na safari hii sitawapa mgongo.