Barafu ikijaa friza, weka kisu chini

Karakana za mafundi friji jijini Dar es Salaam hazikosi friji iliyosimama pembeni, rangi yake safi, kompresa nzima, lakini ndani ya friza kuna kitundu kisichozidi ncha ya kisu. Hadithi yake ni ileile. Samaki wamenasa kwenye barafu, wageni wako njiani, mtu akachukua kisu cha jikoni akaanza kuchokonoa. Ikasikika "psss". Tangu hapo friji haikugandisha tena.

Kwenye friji nyingi za mlango mmoja, ukuta wa friza ni bati jembamba la alumini, na njia za gesi zimepita ndani ya bati lenyewe. Ukichokonoa huna pa kukwepea. Tena friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a, yaani isobutani, ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia, nayo inashika moto. Kibandiko cha nyuma kitakuambia kama yako ni mojawapo. Kwa hiyo mshumaa na kijinga cha mkaa, ambavyo nimewahi kusikia watu wakishauriana kuvitumia, viondoe kabisa kwenye mawazo.

Barafu hiyo inatoka wapi, ilhali hukuweka maji? Inatoka hewani. Mwezi wa Machi hapa Pwani, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa inabeba takriban gramu 24 za maji. Hewa hiyo ikishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, ambazo ndizo za friza, haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Zinazobaki zinaganda ukutani. Friza ya lita 100 ikibadilisha hewa yake yote mara 30 kwa siku, kwa mwezi umejikusanyia karibu kilo mbili za barafu. Nyumba yenye watoto, na mama anayeuza barafu za kulamba dirishani, mara 30 inafika kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana friji iliyokaa Dodoma kiangazi kizima bila kero huanza kusumbua ikihamishiwa Mbagala. Usiilaumu bure. Chungu cha maharage ya moto kikiingizwa humo, mvuke wake nao unageuka barafu, basi acha chakula kipoe kwanza.

Kabla ya kumwita fundi, tazama barafu imekaa wapi. Ikiwa nene karibu na mdomo wa mlango, mshukiwa wa kwanza ni mpira wa mlango. Chukua noti ya elfu moja, ibane kati ya mpira na fremu, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Zunguka nayo mlango mzima, hasa pembe za chini ambako juisi iliyomwagika hujikausha. Mara nyingi dawa ni maji ya uvuguvugu na sabuni tu. Mpira uliokunjamana huweza kurudi umbo ukikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, uliochanika badilisha. Angalia na miguu ya mbele: ikiinuliwa kidogo, friji ikaegemea nyuma, mlango unajifunga wenyewe.

Barafu ikitanda friza nzima upesi na kompresa haipumziki usiku wala mchana, geukia swichi ya ubaridi. Namba kubwa maana yake baridi zaidi, na wapo wanaoiacha kwenye 7 mwaka mzima huku wakishangaa uniti za Luku zinavyokwenda. Irudishe katikati, usubiri siku nzima. Kompresa ikiendelea kunguruma bila kukata, huenda swichi hiyo imekufa au kimrija chake cha kupima baridi kimebanduka. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Friji nyingi za mlango mmoja zina kitufe kidogo katikati ya swichi hiyohiyo. Kibonyeze jioni: kompresa inasimama, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwenye trei, kisha friji inawaka yenyewe. Kuna watu wameishi na friji miaka na miaka wakidhani ni pambo.

Zile za milango miwili zinazouzwa kwa jina la nofrosti hazitakiwi kuota barafu kabisa. Zina hita inayojiwasha kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu iliyojificha nyuma ya ukuta wa plastiki, na feni inayosambaza baridi. Ukiona ukuta huo umefura barafu, feni inakwaruza "krrr", na maziwa ya chini yanachacha huku nyama ya juu bado ngumu, basi hita, sensa yake au taima imegoma. Chomoa umeme, acha milango wazi siku nzima. Ikifanya kazi vizuri wiki moja au mbili kisha tatizo likarudi, una hakika kwamba shida iko kwenye mfumo huo wa kuyeyusha. Maji yakituama chini ya droo za mboga, hapo ni kitundu cha kutolea maji kimeziba kwa makombo. Maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, yanatosha.

Kuyeyusha kwa mkono usingoje barafu ifunge droo. Ikifika nusu sentimita, anza. Chomoa umeme, funga vyakula kwenye magazeti uviweke pamoja kwenye ndoo, ingiza sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa, funga mlango nusu saa. Vipande vikilegea viondoe kwa mwiko wa mbao. Kisha kausha kila kona, maana maji utakayoyaacha ndiyo barafu ya kesho.

Limebaki suala la gesi, maana ndilo linalotafuna pesa za watu. Friza iliyojaa barafu kila upande haina upungufu wa gesi. Gesi ikipungua, barafu huota sehemu moja tu na kwingine kunabaki pakavu. Nayo haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka humohumo miaka yote, ikipungua imevuja. Fundi anayetaka kujaza gesi bila kukuonyesha inapovujia, bila kubadilisha filta na bila kunyonya hewa kwa pampu, mlipe nauli yake umuage.