Mzio wa nini? Kusoma kipimo cha IgE

NENO mzio limepata kazi mpya. Zamani, na hata leo kwa wazee wa pwani, mzio ni kitu chenye jina: chakula ambacho mtu hakigusi, ama kwa kuwa kinamdhuru au kwa kuwa mila imemkataza. "Pweza ni mzio wangu," husema mtu, na mpishi akaelewa. Siku hizi tunasema tu, "niko na mzio," au "niko na aleji," basi. Wa nini? Hatusemi.

Pengo hilo huonekana wazi majibu ya maabara yanapoonyesha kwamba IgE iko juu. Immunoglobulini E ni kingamwili iliyogunduliwa miaka ya 1960 na watafiti waliokuwa Marekani na Uswidi. Hujishikiza kwenye seli fulani mwilini. Kitu inachokitambua kikiingia, seli hizo humwaga histamini. Ndipo chafya, vipele na kubanwa kifua. Lakini kingamwili iyo hiyo hupanda mwili unapopambana na minyoo, ikiwemo safura na kichocho, na kwetu hapa huwezi kuliruka jambo hilo. Pumu na ukurutu pia huandamana nayo.

Kwa hivyo IgE ya jumla ni hesabu tu, haitaji jina la kitu. Maabara nyingi huweka kikomo cha mtu mzima karibu na yuniti 100 kwa mililita; cha watoto hutegemea umri. Isitoshe, hesabu ikiwa ya kawaida, karanga bado zaweza kumvimbisha mtu koo.

Mzazi mmoja alinionyesha majibu kama hayo, tayari amemnyima mwanawe mayai, maziwa na samaki. "Akila yai huwa anafanyaje?" nikamuuliza. "Hakuna kitu, mwalimu. Anayapenda sana." Mbona basi kumnyima? Nilimsihi arudi kwa daktari, aulizie pia kipimo cha choo.

Kinachotaja jina ni kipimo cha IgE mahususi, au cha ngozi, ambapo tone la kitu kinachoshukiwa huwekwa mkononi na ngozi kudungwa kidogo. Hata hivyo, majibu yake sharti yaoane na yanayompata mtu akila kitu hicho au akikivuta puani. Dawa za kuzuia histamini huvuruga kipimo cha ngozi, hivyo daktari huenda akakuagiza uziache siku kadhaa kabla. Cha damu hazikisumbui.